Fomu ya maswali tisa kwenye kliniki ya mtoto: mara ya kwanza niliijibu kwa uongo

Mwanangu wa mwisho alizaliwa Novemba 2021 hapa Columbus, Ohio, na tangu wiki yake ya kwanza nampeleka kliniki ile ile. Madaktari wake ni wazuri na chanjo zinachomwa kwa wakati, kwa hiyo hayo sitayaandikia sana. Nataka kueleza habari ya karatasi moja unayopewa mapokezi kabla hujaitwa ndani. Inauliza kama chakula kinatosha nyumbani, kama kodi ya nyumba imelipwa, kama umeme au gesi imewahi kukatwa, kama una usafiri, kama una mtu wa kukaa na mtoto ukienda kazini, kama kuna mtu nyumbani anakutisha au kukupiga. Maswali tisa. La tisa linauliza kama ungependa kusaidiwa.

Akina mama wenzangu niliozungumza nao huku, Watanzania, Wakenya na Wakongo, wengi wanaijaza kwa namna moja: hapana, hapana, hapana, mpaka chini, wanairudisha. Na mimi nilifanya hivyo. Nimeitumia huduma hii kwa zaidi ya miaka mitatu, mimi mwenyewe na pia nikimsindikiza jirani yangu, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuisema kwa mazuri yake na mabaya yake. Jina la kliniki silitaji. Fomu za namna hii zipo kwenye kliniki nyingi za watoto Marekani, na ninayoyasema yatamfaa hata aliye Minneapolis au Houston.

Kwanza ijulikane inatoka wapi, maana mimi nilidhani ni ya polisi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2015 kwamba kila daktari wa watoto aulize familia kuhusu chakula, tena kwa maswali mawili tu. Maswali hayo mawili yalichujwa na watafiti kutoka kwenye dodoso refu la serikali lenye maswali 18, na utafiti wao ulitoka mwaka 2010. La kwanza linasema hivi: katika miezi 12 iliyopita tulikuwa na wasiwasi kwamba chakula kitaisha kabla hatujapata hela ya kununua kingine. La pili: chakula tulichonunua hakikutosha, na hatukuwa na hela ya kuongeza. Unajibu mara nyingi, mara nyingine, au haijatokea. Ukijibu mara nyingi au mara nyingine hata kwa moja tu, daktari anajua pana jambo.

Nilipoyaelewa baadaye niliyapenda maswali haya. Hayakuulizi kama una njaa. Neno njaa kwetu ni zito, na hakuna mwanamke wa Tanga atakayekaa mbele ya nesi asiyemjua aseme kwangu kuna njaa. Tutasema hali ni ngumu, tutasema tunabangaiza, tutasema mwisho wa mwezi unabana. Swali linaloanza na wasiwasi linamruhusu mtu aseme ukweli na heshima yake akabaki nayo. Lakini hayo nayajua leo. Januari 2022, mtoto akiwa na miezi miwili, niliiona ile karatasi kama mtego.

Mume wangu anaendesha lori na wiki ile alikuwa njiani kwenda Texas. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nimekaa pale na mtoto kifuani na binti yangu mkubwa pembeni, nikasoma swali la chakula, moyo ukaenda mbio. Niliwaza mambo mawili. La kwanza, nilikuwa nimesikia kwamba ukikiri huwezi kulisha wanao, ustawi wa jamii wanakuja kuwachukua. La pili ni karatasi zetu. Tuliingia kwa bahati nasibu ya viza, na kwenye makundi ya simu watu walikuwa bado wanatumiana ule ujumbe kwamba ukigusa msaada wa serikali hutapata uraia. Kanuni iliyozua hofu hiyo ilitangazwa 2019, ikaanza kutumika Februari 2020, na Machi 2021 ikawa imeshaondolewa. Yaani siku nilipokuwa naogopa, ilikuwa imekufa miezi kumi nyuma. Ujumbe wa simu haukuwa na tarehe. Nikajibu hapana tisa.

Mei 2022 ndiyo ilikuwa zamu ya miezi sita. Waliokuwa na watoto wachanga Marekani mwaka ule wanaikumbuka Mei ile. Maziwa ya kopo yalikuwa hayapatikani. Unaingia dukani barabara ya Morse, rafu nyeupe tupu, kuna karatasi imebandikwa kwamba kila mteja makopo mawili, na hayo mawili yenyewe hayapo. Maziwa yangu ya kifua yalikuwa yamepungua tangu nirudi kazini mtoto akiwa na wiki sita. Kodi ilikuwa imepanda. Kopo moja nilikuwa nalipata kwa dola ishirini na kitu, tena kwa bahati, na mtoto alikuwa analimaliza kabla wiki haijaisha.

Nikaanza kuongeza maji. Kopo linasema kijiko kimoja kwa aunsi mbili, kwa hiyo chupa ya aunsi sita inataka vijiko vitatu. Mimi niliweka viwili. Nilijiambia ni kwa wiki moja tu, na wiki moja ikawa tatu. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilikuwa nachanganya ile chupa jikoni usiku taa ikiwa imezimwa, sijui nilikuwa namficha nani.

Siku ya miezi sita fomu ikaja, na nikajibu tena hapana. Ila daktari alipoangalia mstari wa uzito aliona umelala. Hakunisema. Aliuliza swali ambalo kwenye fomu halimo: "Mama, hebu nionyeshe unavyochanganya maziwa yake." Akanipa chupa tupu na kopo la mfano. Nikaweka vijiko viwili, mkono ukasimama, nikashindwa kuendelea.

Alinieleza kwa upole lakini bila kuficha. Mtoto mchanga akinywa maji mengi kuliko inavyopasa, chumvi ya damu inashuka, na ikishuka sana anaweza kupata degedege. Mimi kwetu nimeshaona mtoto mwenye degedege. Nililia. Daktari akavuta kiti akakaa, akanyamaza mpaka nilipomaliza. Kisha akasema wengi waliokuja wiki ile walikuwa wanafanya hivyo hivyo, na kwamba kazi yake pale ni kutafuta maziwa, hana nia ya kumripoti mtu yeyote aliyeishiwa hela. Nikaomba nirudishiwe fomu yangu. Nesi akaniletea mpya, na hiyo nikaijaza kwa kweli.

Kuanzia hapo ndipo huduma yenyewe inapoanza, na hapo ndipo ninapoisifu. Aliingia mwanamke mmoja ambaye kazi yake hapo kliniki ni hiyo tu: kufuatilia majibu ya ile fomu. Alikuwa na simu mkononi na mkalimani wa Kiswahili hewani, ingawa Kiingereza changu kinatosha. Aliuliza kwanza kama namtaka mkalimani au simtaki. Kisha akauliza swali ambalo nataka kila kliniki iliibe: "Katika haya yote uliyoandika, tuanze na lipi?" Mimi nikasema maziwa. Hakuanza kunieleza habari za kodi wala ushauri wa matumizi. Alipiga simu WIC mbele yangu, akaweka sauti juu, akanipatia miadi ndani ya siku tatu, akaandika kwa kalamu kwenye karatasi: jengo, mlango, basi namba ngapi, vitu vya kubeba.

Kwa wasioijua, WIC ni mpango wa lishe wa serikali kwa wajawazito, waliojifungua karibuni, wanaonyonyesha, na watoto mpaka wafikishe miaka mitano. Wanataka kitambulisho, uthibitisho wa anwani, na uthibitisho wa kipato. Hali yako ya uhamiaji hawaiulizi. Nilikaa miezi sita bila huduma ambayo ilikuwa haki ya mwanangu tangu tumboni, kwa sababu ya ujumbe wa simu usio na tarehe. Wakati ule wa uhaba WIC walikuwa wameruhusu makopo ya aina na ukubwa tofauti na ule wa kawaida, na mwanamke yule alijua ni duka lipi lilipokea shehena siku gani. Nilitoka na kopo moja la kuanzia, kliniki walilitoa stoo yao. Usiku ule niliweka vijiko vitatu.

Siku mbili baadaye alinipigia. Sikutegemea. Aliuliza kama maziwa yamefika na kama nimeshajua basi. Baada ya wiki mbili akapiga tena. Mtoto alipotimiza mwaka, kipimo kilionyesha upungufu wa damu, 10.2 wakati wanataka isiwe chini ya 11. Safari hii sikuogopa kusema kwamba chakula chake kikubwa ni uji wa mahindi na maziwa. Tukazungumza maharage, dengu, mayai, nyama kidogo iliyosagwa. Vingi katika hivyo, nyama ukiiondoa, vilikuwa tayari kwenye kadi yake ya WIC, na mimi nilikuwa nanunua maziwa tu naacha maharage, sikujua kama yamo. Miezi mitatu baadaye damu ilikuwa 11.4.

Halafu umeme. Januari 2023 tulipata barua ya kukatiwa. Binti yangu mkubwa ana pumu, na mashine yake ya mvuke inatumia umeme. Fomu ina swali hilo, nikaweka alama. Kumbe Ohio daktari anaweza kujaza cheti kwamba nyumbani kuna mgonjwa ambaye afya yake itahatarishwa umeme ukikatwa, na kampuni inapaswa kusubiri siku 30. Deni halifutwi, hilo lieleweke, lakini siku 30 katikati ya baridi ya Januari ni nyingi. Ndani ya siku hizo mwanamke yule alitusaidia kuomba msaada wa majira ya baridi, na kuingia kwenye mpango wa PIPP ambapo unalipa umeme kwa asilimia ya kipato chako badala ya bili nzima. Sikuwahi kufikiria kwamba daktari wa watoto anaweza kuzuia umeme usikatwe. Nilipomwambia mama yangu kwa simu, yeye yuko Ngamiani, Tanga, alinyamaza kidogo akasema, "Huyo ni daktari au mjumbe wa nyumba kumi?" Nikamwambia ni wote wawili.

Sasa mabaya, na yapo.

Kabla ya mwanamke yule kuajiriwa, kliniki ilikuwa inatoa orodha ya mahali pa kuomba msaada. Bado wanaitoa siku ambazo hayupo. Kurasa nne, zimetolewa kopi mpaka herufi zimefifia, zimejaa namba za simu. Siku moja ya mapumziko nilikaa chini nikazipigia saba. Moja haikuwepo tena. Moja ni ghala la chakula linalohudumia mitaa mingine, yetu haimo. Moja inafunguliwa Jumanne saa saba mpaka saa tisa mchana, saa ambazo mimi nimelala kutoka zamu. Mbili ziliniambia niache ujumbe, hakuna aliyerudi. Ya sita ilikuwa ya wazee. Ya saba ilinipokea, nikaenda. Nilipanda basi la barabara ya Cleveland, theluji imeshuka, mtoto mgongoni na binti mkononi, nikarudi na boksi zito. Ndani yake, katika makopo kumi na kitu, manne yalikuwa nyama ya nguruwe. Sisi ni Waislamu. Waliotoa wametoa kwa moyo mwema na nilishukuru, lakini fomu inayouliza kama chakula kimeisha ingeweza pia kuuliza familia inakula nini. Swali moja tu. Nimeshalisema kliniki mara mbili, halijaongezwa.

Kuhusu orodha dhidi ya mtu, nilitaka kujua kama ni mimi tu. Kuna utafiti wa San Francisco na Oakland uliochapishwa 2016: familia za kundi moja zilipewa maelezo kwenye karatasi, kundi jingine likapewa mtu wa kufuatana nalo, na baada ya miezi minne waliopata mtu walikuwa na shida chache zaidi na afya ya watoto wao ilikuwa imepanda zaidi, kwa maelezo ya wazazi wenyewe. Lakini haki itendeke: watafiti wale wale walitoa utafiti mwingine 2020 ambapo karatasi iliyoandaliwa kwa ajili ya familia husika, yenye maelekezo ya shida zake hasa, ilifanya kazi karibu sawa na mtu. Mimi hilo naliamini, kwa sababu karatasi yangu bora ilikuwa ile iliyoandikwa kwa kalamu, mlango upi na basi lipi. Kliniki ambayo haina hela ya kuajiri mtu bado inaweza kuandika karatasi ya namna hiyo. Isinipe kurasa nne za mwaka juzi. Mambo yenyewe yanabadilika haraka: Julai 2025 sheria mpya iliwaondoa wakimbizi ambao bado hawajapata kadi ya kijani kwenye SNAP, zile stempu za chakula, na orodha iliyochapishwa kabla ya hapo inampeleka mama wa Kikongo kupanga foleni kwenye mlango usiomfungukia tena.

Nimemtaja mama wa Kikongo kwa sababu jirani yangu ni mmoja wao. Ametoka Fizi, mashariki mwa Kongo, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi kabla ya kuletwa Ohio. Watoto watano. Nilianza kumsindikiza kliniki 2023, na kwake ndiko nilikoona kasoro ambayo mimi kwa Kiingereza changu sikuwahi kukutana nayo. Walimpa fomu ya Kiswahili. Ilikuwa na kichwa cha habari: Usalama wa chakula. Chini yake: Je, kaya yako ina usalama wa chakula? Akaweka ndiyo haraka haraka. Nikamuuliza mbona, wakati jana alikuja kwangu kuomba unga. Akanishangaa: "Dada, chakula yetu ni muzuri, haina sumu."

Yuko sahihi. Kiswahili cha swali lile ndicho kinachouliza sumu. Swali la pili: Je, makazi yako ni imara? Akajibu ndiyo, nyumba ni ya matofali. Mwaka ule alikuwa amehama mara tatu na walikuwa wanaishi familia mbili kwenye vyumba viwili. La tatu: Je, huduma zako zimewahi kusitishwa? Hapo alisimama kabisa. Alidhani wanauliza kama kliniki imewahi kumkatalia matibabu. Walikuwa wanauliza umeme, gesi na maji. Kwa hiyo mama mwenye shida kuliko mtu yeyote ninayemjua mtaani kwetu alitoka na fomu safi kuliko ya mtu yeyote, na kwenye kompyuta yao akasomeka kama mtu ambaye mambo yake yamenyooka.

Nilichukua kalamu nikamwandikia yule mwanamke mfuatiliaji maswali matatu jinsi ambavyo mtu wa kawaida angeyauliza. Kuna wakati chakula kiliwaishia na hela ya kununua kingine hamna? Mmewahi kuhamahama, au kukaa kwa watu, kwa sababu ya kodi? Umeme, gesi au maji vimewahi kukatwa, au mmepata barua ya kukatiwa? Sijui alipitia milango gani, lakini miezi kama minne baadaye fomu ilibadilika. Haikufuata maneno yangu yote, ila "usalama wa chakula" uliondoka. Kwa hilo peke yake nawapa heshima. Wamesikiliza.

Jambo la pili la jirani yangu bado linaniuma. Siku moja nilikuwa kazini, akaenda bila mimi, yeye na mumewe na mwanawe wa miaka kumi na mmoja. Mkalimani wa simu alichelewa kupatikana, na mtu wa mapokezi akamwomba yule mtoto amsomee mama yake maswali kwa Kiingereza na kumtafsiria. Mtoto akayasoma yote, mpaka lile la kama kuna mtu nyumbani anampiga mama yake. Baba yake alikuwa amekaa pale pale. Mama akasema hapana, mtoto akaweka alama. Tangu 2016 kanuni za serikali ya hapa zinakataza kumtumia mtoto kama mkalimani wa matibabu isipokuwa kwa dharura, na kujaza fomu hakuna dharura yoyote. Nilipolalamika waliomba radhi na kuahidi. Tangu hapo sijaona likirudiwa, lakini nawaambia akina mama: una haki ya kusema nasubiri mkalimani. Ni bure. Husaini kitu, hulipi kitu.

Na hilo swali la usalama nyumbani, kwa maoni yangu, halipaswi kuwa kwenye karatasi inayojazwa ukumbini, mume kakaa kiti cha pembeni. Mahali pake ni chumba cha kupimia uzito, mama akiwa peke yake na mtoto. Kliniki yetu sasa inafanya hivyo kwa ziara za watoto wachanga tu. Ningependa wafanye kwa wote.

Mtu wa nyumbani atauliza, kwani Tanga hatuulizwi? Tunaulizwa. Kifungua mimba wangu nilimpeleka kliniki kule, mtoto unamtundika kwenye mizani, nesi anachora nukta kwenye kadi, akiona mstari umeshuka anakuuliza mbele ya benchi zima: "Mama, huyu unamlisha nini?" Kila mtu anageuka. Aibu ile naikumbuka mpaka leo, na nadhani ndiyo iliyonifanya nijibu hapana tisa. Lakini nesi yule aliniuliza kwa Kiswahili nilichokielewa, na jioni yake alipita nyumbani, akaonja uji wangu, akaniambia niongeze karanga. Sikuwahi kuandikiwa rufaa. Nikipima haya mawili, nachukua faragha ya huku na miguu ya nesi wa kule.

Kwa nyota, nawapa nne katika tano. Ningewapa tatu kama yule mwanamke asingekuwepo, na siku ambazo hayupo ni mbili kila wiki, Jumatatu na Alhamisi. Mimi nikipanga miadi naomba Jumanne au Jumatano, na nawashauri mwulize kwenu ni siku gani mtu wa namna hiyo yupo. Ukiwa na Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, uliza pia usafiri wa kwenda kliniki. Unalipiwa, ila lazima uombe siku kadhaa kabla. Beba barua yoyote ya kukatiwa umeme au ya mwenye nyumba, usiiache nyumbani kwa aibu, maana wakiiona wanajua pa kuanzia. Ukifika lile swali la mwisho, la kama unataka kusaidiwa, kumbuka kwamba ni swali linalojitegemea. Unaweza kusema ndiyo chakula kilituishia, na bado ukasema kwa leo sihitaji msaada. Mimi sikulijua hilo, nikadhani ukikiri umejisajili.

Na kama unaongeza maji kwenye maziwa ya mtoto, usingoje fomu. Piga simu kliniki leo, sema hivyo hivyo: maziwa yameisha, nimeanza kuongeza maji. Huenda wana makopo stoo.

Jirani yangu alikuwa na miadi Jumatano iliyopita, mtoto wa mwisho ametimiza miaka minne. Nilikaa naye ukumbini lakini sikumshikia kalamu. Alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Kwenye swali la chakula aliweka "mara nyingine", akafikiri, akafuta, akaweka "mara nyingi". Akainuka akaipeleka mwenyewe.